Maji Yasiyokubali Povu

Maji magumu ni maji yaliyobeba kalsiamu au magnesiamu iliyoyeyuka, na mara nyingi yamebeba zote mbili. Hayatambuliki kwa macho. Yanaweza kuwa maangavu, yasiyo na harufu wala vijidudu, matamu kwa kunywa, na bado yakawa magumu, kwa sababu ugumu wake haujitokezi mpaka sabuni itiwe au moto uwashwe. Sabuni ikitiwa, povu hukataa kuja. Badala yake hutanda utando wa kijivu unaonata kwenye kingo za beseni na kufubaza nguo nyeupe. Moto ukiwashwa, birika huota magamba meupe kwa ndani. Kuyalainisha maji hayo ni kuyaondolea madini hayo mawili, au kuyafunga madini yenyewe yasiweze kufanya kazi. Njia za kufanya hivyo ni nyingi, lakini hakuna hata moja ambayo kwayo maji huacha jiwe yaliyolibeba bila kupewa kitu kingine, na tofauti kati ya njia hizo ni tofauti ya bei tu.

Jiwe hilo huingia majini kwa msaada wa hewa. Maji ya mvua huanza yakiwa laini. Yanaposhuka hunyonya hewa ya ukaa kidogo, na yakipenya udongo wenye mizizi na majani yanayooza hunyonya nyingi zaidi, hata yakawa tindikali hafifu. Tindikali hiyo ikikutana na mawe ya chokaa, yaani kaboneti ya kalsiamu, huyala polepole. Katika maji matupu, kaboneti ya kalsiamu huyeyuka kwa miligramu 14 hivi tu kwa lita. Penye hewa ya ukaa ya kutosha hugeuka bikaboneti, nayo bikaboneti huyeyuka kwa mamia ya miligramu. Mapango ya Amboni, nje kidogo ya jiji la Tanga, yalichimbwa na maji kwa njia hiyo hiyo, na mle mle ndani kazi hiyo hurudi kinyume: tone linaloning'inia darini hupoteza hewa yake ya ukaa, kalsiamu hukosa cha kuishikilia majini, na inabaki juu kama jiwe jipya. Visima vingi vya mwambao na vya Unguja vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe na mawe ya chokaa. Maji yanayochotwa humo yamelala ndani ya jiwe kwa muda mrefu, na hutoka nalo.

Si kalsiamu yote inayotoka kwenye chokaa. Jasi, ambayo ni salfeti ya kalsiamu, huyeyuka moja kwa moja bila kuhitaji hewa yoyote. Magnesiamu hutoka kwenye aina nyingine za mawe, na kwa wingi mkubwa zaidi baharini. Chumvi ya kupikia peke yake haiyafanyi maji kuwa magumu, lakini maji ya bahari hayana chumvi hiyo tu: lita moja ina karibu gramu 1.3 za magnesiamu na gramu 0.4 za kalsiamu. Kisima kinachoingiliwa na bahari kwa hiyo hupata chumvi na ugumu kwa pamoja. Sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya nazi hutoa povu hata katika maji ya bahari, pale ambapo sabuni nyingine hushindwa, na kwa sababu hiyo mabaharia wa zamani waliithamini.

Wanakemia hupima ugumu kana kwamba madini yote yaliyomo ni kaboneti ya kalsiamu, kwa miligramu kwa kila lita. Kwa mgawanyo uliozoeleka Marekani, maji yasiyozidi 60 ni laini, 61 hadi 120 ni magumu kiasi, 121 hadi 180 ni magumu, na yanayozidi 180 ni magumu sana. Namba hizo hukaa kama namba tu mpaka zipelekwe kwenye ndoo. Mwaka 1823 Michel Eugène Chevreul, Mfaransa, alichapisha matokeo ya utafiti wake ulioonyesha kuwa sabuni ni chumvi ya asidi za mafuta. Asidi hizo zikiwa zimeshikana na sodiamu huyeyuka majini na kutoa povu. Kalsiamu, yenye chaji mbili, hukamata asidi mbili kwa mpigo na kuzigeuza kuwa kitu kisichoyeyuka, nao ndio ule utando wa kijivu. Povu haliwezi kuanza mpaka kalsiamu yote iwe imeshiba. Tuseme ndoo ya lita 20 ina maji yenye ugumu wa miligramu 200. Hesabu inaonyesha kwamba gramu 24 hivi za sabuni halisi huteketea kabla povu la kwanza halijatulia. Mche wa kilo moja unaweza kuishia kwenye ndoo 40 bila kusafisha hata leso. Sabuni yenyewe basi ni kilainisha maji, na ni kilainisha ghali kuliko vyote. Mfuaji anayeendelea kusugua mpaka povu litoke amekwisha kuyalainisha maji yake, ila amelipa kwa bidhaa ya dukani kuondoa kitu ambacho chokaa ya shilingi chache ingekiondoa.

Njia ya pili kwa urahisi ni moto. Maji yakichemshwa, hewa ya ukaa hutoka, bikaboneti hurudi kuwa kaboneti, na kaboneti hutuama chini au hushika ukutani mwa chombo. Ugumu unaoondoka hivi huitwa wa muda. Ule wa jasi na kloraidi hauondoki kwa kuchemsha, na huitwa wa kudumu. Gharama ya kuchemsha ni mkaa au kuni kwa kila lita, pamoja na magamba yanayobaki nyuma. Birika la nyumbani husafishwa kwa siki au ndimu, kwa kuwa asidi huyeyusha kaboneti na kuitoa kama mapovu ya hewa. Boila ya kiwandani haisafishiki kirahisi namna hiyo. Magamba hupitisha joto kwa shida kuliko chuma, hivyo moto huzidishwa ili maji yachemke, chuma kilicho chini ya magamba hupata joto kupita kiasi, na bomba hupasuka. Salfeti ya kalsiamu ina tabia mbaya zaidi: kadiri maji ya boila yanavyozidi kuwa moto ndivyo inavyopungua kuyeyuka, kwa hiyo hujigandisha mahali penye moto mkali kuliko pote, pale hasa ambapo isingetakiwa. Viwanda, wala si nyumba, ndivyo vilivyowalazimisha wanakemia kutafuta njia bora.

Njia hiyo ilikuwa inaonekana kama kichekesho: kutia chokaa ndani ya maji ili kuondoa chokaa. Mwaka 1767 mwanakemia Henry Cavendish alichapisha uchunguzi wake wa maji ya pampu moja ya Rathbone Place, London, akaonyesha kuwa udongo wa chokaa uliokuwa ndani yake ulishikiliwa na hewa iliyofungwa, ambayo leo ni hewa ya ukaa, na kwamba ukitia maji ya chokaa udongo huo hutuama. Chokaa iliyozimwa ina njaa ya hewa ya ukaa. Ikitiwa kwenye maji yenye bikaboneti, huinyang'anya ile hewa iliyokuwa ikiishikilia kalsiamu. Chokaa iliyotiwa hugeuka kaboneti, na kalsiamu iliyokuwamo tangu mwanzo nayo hugeuka kaboneti. Zote mbili huanguka chini kwa pamoja, mgeni na mwenyeji. Kwa ndoo ile ya ugumu wa 200, kama ugumu wote ni wa muda, gramu 3 za chokaa iliyozimwa zinatosha. Thomas Clark, profesa wa kemia huko Aberdeen, alipata hataza ya njia hiyo mwaka 1841 kwa ajili ya maji ya miji, akabuni na kipimo chake: sabuni iliyoyeyushwa katika spiriti hudondoshwa kwenye chupa ya maji, chupa hutikiswa, na idadi ya vipimo vya sabuni vilivyotumika kabla povu halijasimama ndiyo kipimo cha ugumu. Kipimo hicho kilitumika kwa karibu miaka mia moja, hadi Gerold Schwarzenbach wa Zürich alipoleta katika miaka ya 1940 kemikali ya EDTA, ambayo hukamata kalsiamu na magnesiamu moja moja huku rangi ya maji ikibadilika kutoka nyekundu ya mvinyo hadi buluu.

Uzuri wa njia ya chokaa ni kwamba haiachi kitu kigeni ndani ya maji. Ugumu wake uko katika mizani. Chokaa ikipungua, kalsiamu hubaki. Ikizidi, ile iliyozidi huyeyuka na kuwa ugumu mpya. Magnesiamu huhitaji chokaa maradufu, kwa kuwa lazima igeuzwe kuwa hidroksaidi, na hiyo haianguki mpaka maji yawe na ubesi mkali wa pH 11 hivi. Baada ya hapo hewa ya ukaa hurudishwa majini ili kupunguza ubesi huo, jambo linalofurahisha kidogo: hewa iliyotolewa kwa jasho hurudishwa kwa bomba. Juu ya hayo yote hubaki rundo la tope jeupe la kutupwa.

Jasi haiguswi na chokaa hata kidogo, kwa sababu haikuingia majini kwa mlango wa hewa ya ukaa. Kwa hiyo huhitajika soda, yaani kaboneti ya sodiamu. Kaboneti huikamata kalsiamu na kuanguka nayo chini, sodiamu ikibaki majini. Soda hufanya kazi kwa ugumu wa aina zote mbili, na kwa ndoo ile ile gramu 4 na kidogo zinatosha kufanya kazi iliyokula gramu 24 za sabuni. Hapa Afrika Mashariki haina sababu ya kuwa msikilizaji tu, maana soda hiyo imelala juu ya ardhi yake. Ziwa Magadi la Kenya limefunikwa na ganda la trona, madini yenye kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Kiwanda cha pale huyachoma madini hayo ili kupata soda kavu, na magadi yanayouzwa sokoni kwa vipande ni ndugu yake asiyechomwa. Magadi yanahitajika kwa uzito mara mbili na zaidi ya soda kavu, gramu 9 hivi kwa ndoo, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji na bikaboneti.

Jinsi ziwa hilo lilivyopata soda yake ni sura ya kemia hii hii, iliyoandikwa kwa ukubwa wa Bonde la Ufa. Maji yanayotiririka juu ya miamba ya volkano hubeba bikaboneti nyingi kuliko kalsiamu na magnesiamu. Katika bonde lisilo na mlango wa kutokea, jua huyakausha, na kaboneti ya kalsiamu ndiyo inayotangulia kuganda. Kila punje ya kalsiamu huanguka na sehemu yake ya kaboneti. Kwa kuwa kaboneti ndiyo nyingi, kalsiamu ndiyo inayokwisha, na baada ya hapo hakuna wa kuizuia kaboneti iliyobaki kujikusanya pamoja na sodiamu. Lau kalsiamu ndiyo ingekuwa nyingi, ziwa lingekuwa la aina nyingine kabisa, lisilo na magadi hata chembe. Hans Eugster, mwanajiolojia aliyelichunguza ziwa hilo katika miaka ya 1960, ni miongoni mwa waliofafanua njia panda hiyo, na mwaka 1967 alieleza madini mapya aliyoyapata pale, ambayo leo yanaitwa magadiaiti. Magadi na jirani yake Natroni ni maji yaliyolainishwa na maumbile yenyewe, yakalainishwa kupita mpaka, hadi yakachoma ngozi.

Ulaini huo una upande wake mbaya, na wenyeji wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro wanaujua kwa meno. Kalsiamu ikiwa majini kwa wingi, hukamata floraidi na kuigandisha, kwa kuwa floraidi ya kalsiamu huyeyuka kwa shida. Ikiondoka, floraidi hubaki huru. Ndiyo maana maji yenye floraidi nyingi mkoani Arusha na maeneo jirani kwa kawaida si yale yanayokataa sabuni; huwa ni laini, yanatoa povu vizuri, huku yakitia meno ya watoto rangi ya kahawia na, yakizidi sana, kupinda mifupa. Kulainisha hakusaidii chochote hapo, na kunaweza kuharibu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimehimiza kwa miaka mingi kichujio cha mkaa wa mifupa. Mifupa ni fosfeti ya kalsiamu: dawa ya maji hayo ni kuyakutanisha tena na kalsiamu iliyokosekana. Shirika la Afya Duniani, lililoweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, halijaweka kikomo chochote cha kiafya kwa ugumu.

Chungu cha maharage kinaeleza jambo lile lile kwa ufupi. Kuta za seli za maharage zimegandanishwa na pektini, na kalsiamu ndiyo inayofunga nyuzi za pektini zisiachane. Yakipikwa katika maji magumu, kalsiamu huongezeka na maharage hukaa jikoni hadi kuni ziishe. Kipande cha magadi huleta sodiamu na ubesi, pektini hulegea, maharage huiva. Bei yake ni vitamini B1, ambayo haistahimili ubesi, na katika baadhi ya magadi ni floraidi pia, iliyojikusanya ziwani pamoja na soda kwa sababu zilizokwisha elezwa. Mpishi aliyetumia magadi kidogo sana hakukosea.

Njia inayotawala leo haigandishi kitu. Katikati ya karne ya 19, H. S. Thompson, mkulima wa Yorkshire, alimwagia udongo maji yenye salfeti ya amonia, akaona chini inatoka jasi. Amonia ilikuwa imebaki udongoni na kalsiamu ndiyo iliyotoka. John Thomas Way alilifuatilia jambo hilo na kuchapisha matokeo yake kuanzia mwaka 1850: udongo wa mfinyanzi hubadilishana ioni na maji. Mwanzoni mwa karne ya 20 Robert Gans, Mjerumani, aliugeuza ugunduzi huo wa mashambani kuwa kifaa cha kulainisha maji kwa zeolaiti za kutengenezwa. Mwaka 1935 Adams na Holmes, Waingereza, walionyesha kuwa hata resini za plastiki zinaweza kufanya hivyo, na katika miaka ya 1940 ikaja resini ya polistirini inayotumika hadi sasa. Ni punje ndogo zenye chaji hasi, kila chaji ikiwa imeshika sodiamu. Maji magumu yakipita, kalsiamu yenye chaji mbili hushika kwa nguvu zaidi na kuzitoa sodiamu mbili. Punje zikijaa, hupitishiwa maji ya chumvi kali. Hapo wingi hushinda nguvu: sodiamu hurudi mahali pake, kalsiamu huoshwa, na kazi huanza upya.

Ni kemia safi sana, na hesabu yake pia haifichiki. Kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa huacha miligramu 46 za sodiamu ndani ya lita moja. Maji yenye ugumu wa 300 huongezewa miligramu 138 za sodiamu, kiasi kisichofaa kupuuzwa na mtu aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi. Maji ya chumvi yaliyooshea punje nayo lazima yaende mahali. Katika bonde la Santa Clarita, California, kloraidi hiyo ilifika mtoni na kuwa shida kwa mazao, na mwaka 2008 wapiga kura walikubali kuviondoa majumbani vifaa vya aina hiyo. Kuhusu vile vidude vya sumaku vinavyofungwa nje ya bomba, inatosha kusema kwamba maji yakipimwa baada ya kupita humo, kalsiamu iko pale pale. Shabu na klorini pia hazilainishi. Kazi yake ni nyingine.

Sabuni ya unga ilichagua njia ya kufunga badala ya kuondoa. Kisafishi chake, tofauti na sabuni ya mche, hakigandi kwa kalsiamu kirahisi, na kwa miongo kadhaa kilichanganywa na fosfeti iliyoikumbatia kalsiamu ikiwa bado imeyeyuka. Nguo zilitakata. Fosfeti ikashuka na maji machafu hadi maziwani, nayo ni mbolea: Ziwa Erie, kati ya Marekani na Kanada, lilijaa mwani katika miaka ya 1960. Watengenezaji wengi wakahamia kwenye zeolaiti, na Umoja wa Ulaya ukaibana fosfeti katika sabuni za kufulia nyumbani kuanzia mwaka 2013.

Kwa hiyo swali la maana ni kazi gani maji yanatakiwa kufanya. Boila lazima ilainishiwe, hakuna mjadala. Maji ya kunywa yenye ugumu hayana haja ya kuguswa, maana kalsiamu na magnesiamu ni chakula, na kumpa mnywaji sodiamu badala yake ni biashara ya hasara. Kwa kufua, mvua iliyokingwa kwenye mabati ni bora kuliko dawa yoyote. Isipokuwepo, soda kidogo hutosha, mradi itangulie: iyeyushwe kwenye ndoo kwanza, iachwe mpaka maji yafanye ukungu mweupe na kutulia, ndipo sabuni ifuate. Sabuni ikitangulia, kalsiamu imekwisha kula, na soda inayokuja nyuma yake hairudishi kilicholiwa.